Duka la Programu Linakuuzia Mbuzi Kwenye Gunia

Kuna usemi mmoja ambao nimeusikia mara nyingi mno tangu nianze kazi hii ya kuandika programu, na leo nimechoka kuunyamazia. Unasema hivi: "Mtu mgeni kwenye Linux usimwonyeshe terminali, utamtisha. Mwonyeshe duka la programu, abofye, basi." Wanaousema ni watu wazuri, wenye nia njema, na wengine ni mafundi kuniliko mimi. Hata hivyo ni ushauri mbaya. Kwa mtu anayenunua data kwa bando na kutumia kompyuta ya mitumba, ni ushauri mbaya na wa gharama.

Msimamo wangu ni huu, niuweke wazi mapema ili asije mtu akasema nilimzungusha: mgeni wa Linux afundishwe kuweka na kuondoa programu kwa amri za maandishi kwanza, duka lenye picha lije baadaye. Sisemi hivyo kwa sababu maandishi ni ya "wanaume" au ya mahaka kama wale wa sinema. Nasema hivyo kwa sababu terminali hukwambia itafanya nini kabla haijafanya, na maduka mengi ya picha hayakwambii.

Kwanza tuelewane

Kwa wewe ambaye hujawahi kugusa Linux, nikueleze kidogo. Wenzako wanaojua wanaweza kuruka aya mbili.

Kwenye Debian, Ubuntu na ndugu zao, programu huja kama kifurushi, yaani faili moja lenye programu yenyewe pamoja na maelezo yake. Maelezo hayo yana orodha ya vifurushi vingine ambavyo lazima viwepo ndipo programu ifanye kazi. Ni kama pilau. Mtu akikutuma mchele peke yake hajakutuma pilau. Unahitaji vitunguu, mafuta, bizari, na labda nyama. Kazi ya kujua kipi kinahitaji kipi, kwenda ghalani kukileta na kukipanga mahali pake hufanywa na kidhibiti cha vifurushi. Kwenye Debian tabaka la chini ni dpkg, ambalo lina asili yake mwaka 1994, na juu yake ni APT, iliyoingia rasmi kwenye Debian 2.1 mwaka 1999.

Sasa nyumba hii ina milango miwili. Mlango wa kwanza ni terminali, unaandika amri kwa maneno. Mlango wa pili ni dirisha lenye ikoni, picha na kitufe cha kusakinisha: GNOME Software, Discover ya KDE, App Center ya Ubuntu na kadhalika. Unapoweka kifurushi cha deb, milango yote miwili hukufikisha kwenye jiko lile lile. Tofauti ni kile unachoonyeshwa ukiwa mlangoni.

Bidhaa au mpango?

Tuchukue mfano. Mwanafunzi wa chuo ameambiwa na mhadhiri aandike ripoti yake kwa LaTeX. Anaandika:

sudo apt install texlive-full

APT haikimbii kupakua. Inamwekea mpango mbele: vifurushi hivi vitawekwa vipya, hivi vitasasishwa, hivi vitaondolewa, utapakua kiasi hiki cha data, na diski yako itapungua kwa kiasi hiki. Kama mpango unahusu chochote zaidi ya kile alichotaja, inasimama na kumwuliza: tuendelee au la? Kwa texlive-full jibu litamtoa jasho, kwa sababu ni gigabaiti kadhaa. Anabonyeza n. Hajapoteza hata shilingi. Anauliza wenzake, anaambiwa ajaribu texlive-latex-base, au aongeze --no-install-recommends ili asiletewe vilivyopendekezwa tu, na kazi inakwisha kwa sehemu ndogo ya data ile.

Mwanafunzi huyo huyo akienda dukani ataona nini? Ataona ikoni nzuri, picha za skrini, nyota za wasomaji, na kitufe. Nikiri kwamba GNOME Software ya miaka hii huonyesha ukubwa wa programu, na hilo ni jambo jema. Lakini haimwonyeshi orodha. Haimwambii "ili niweke hiki nitaleta hivi kumi na tano na kuondoa hivi viwili." Haimpi nafasi ya kusema "vile vya ziada viache." Amenunua, hajui nini kimeingia nyumbani.

Wahenga walishaliona hili: ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Huenda mbuzi ni mnono. Huenda ni paka. Utajua ukifika nyumbani.

Mkenya yeyote anaelewa jambo hili bila shahada ya sayansi ya kompyuta. Fikiria M-Pesa, ambayo tumekuwa nayo tangu Machi 2007. Unapotuma pesa leo, kabla ya pesa kuondoka unaonyeshwa jina la mpokeaji na kiasi, nawe unathibitisha. Pesa zikiondoka unapata ujumbe wenye nambari ya muamala, kiasi, ada, na salio. Ujumbe ule ni maandishi matupu, hauna picha hata moja, na mabibi zetu wanausoma herufi kwa herufi. Sasa mtu akikuletea M-Pesa mpya, yenye rangi za kupendeza, lakini haikuonyeshi jina la mpokeaji wala haikupi salio, ukimwuliza anakwambia "tumeficha ili tusikutishe," utampokea? Utamfukuza! Basi kwa nini kwenye kompyuta tunaita jambo hilo hilo urahisi?

APT nayo ina risiti yake. Iko hapa:

/var/log/apt/history.log

Fungua faili hilo utaona tarehe, saa, amri iliyotumika, kilichowekwa, kilichosasishwa na kilichoondolewa. Hata duka likiweka kifurushi cha deb, huandikwa humo humo. Watumiaji wa Fedora wamepata zaidi: dnf history huwaonyesha orodha ya miamala, na dnf history undo hujaribu kuurudisha nyuma muamala wanaoutaja.

"Lakini maandishi yanatisha"

Hapa ndipo hasira yangu inapoanzia hasa.

Mama mboga anabonyeza *334# kwenye simu ya vitufe, anasoma menyu, anajibu 1, anajibu nambari ya simu, anajibu kiasi, anaweka namba ya siri. Hiyo ni nini kama si mstari wa amri? Anaandika alama zisizo na maana yoyote kwa jicho, mashine inamjibu kwa maneno, anajibu tena. Hakuna aliyemwita mtaalamu. Hakuna aliyesema tusimtishe. Alifundishwa mara moja na jirani, akarudia mara tatu, akajua.

Kisha anatokea mtu mwenye kipakatalishi cha bei ya pikipiki anatuambia kwamba kijana wa kidato cha tatu hawezi kuandika maneno matatu: sudo, apt, install, kisha jina. Huko si kumhurumia mgeni. Ni kumdharau, halafu dharau ikavishwa kanzu ya huruma.

Kuna jambo jingine ambalo wenye usemi ule hawalifikirii, kwa sababu wao hawaombwi msaada na shangazi aliye Kitale wakiwa Nairobi. Amri inaingia kwenye SMS. Naweza kukutumia amri moja ya herufi thelathini, ukaiandika kama ilivyo, ukanitumia jibu ulilopata. Sasa jaribu kueleza dirisha kwa simu: "Bofya kile kitufe cha juu kulia. Hapana, kile kingine. Chenye mistari mitatu. Huna? Una toleo gani?" Muda wa maongezi unakwisha hatujapata hata menyu.

Kisa cha shule

Nieleze jambo moja nililoshuhudia. Kuna shule moja ya upili ambayo ilipata kompyuta kumi na nane za mitumba zenye Ubuntu. Fundi aliyeziuza, kwa wema wake, aliondoa terminali kwenye menyu ya kila mashine "ili watoto wasiharibu." Akawaachia duka.

Siku moja mashine zikiwa katikati ya kusasishwa, stima ikapotea. Kompyuta za mezani hazina betri. Stima iliporudi, duka halikuweza kuweka chochote tena kwenye mashine hata moja. Kila ukibofya linasema kuna hitilafu, jaribu baadaye. Mwalimu akajaribu baadaye. Akajaribu wiki mbili. Fundi alipopigiwa alisema dawa ni kufuta kila kitu na kuweka upya, kwa ada ya kila mashine.

Mwalimu alinipata kupitia rafiki. "Kijana, kwanza nikwambie, mimi nafundisha jiografia," akasema, "hii kompyuta nilibebeshwa tu."

"Hakuna shida, Mwalimu. Bonyeza Ctrl, Alt na T kwa pamoja."

Dirisha jeusi likafunguka. Fundi alikuwa ameficha ikoni, hakuwa ameondoa terminali yenyewe. Nilimwambia ajaribu kuweka programu yoyote kwa apt, kisha anisomee jibu. APT ilimwambia waziwazi kwamba dpkg ilikatizwa, na ikamtajia amri ya kurekebisha, neno kwa neno:

sudo dpkg --configure -a

Hapo nilikuwa sijampa dawa yoyote. Mashine yenyewe ndiyo iliyompa. Akaiandika, mistari ikapita, ikamaliza. Akaenda mashine ya pili. Kufikia ya tano aliacha kuniuliza. Kufikia ya kumi wanafunzi wawili walikuwa wakimsaidia, na zote kumi na nane zilipona mchana ule.

Jiulize: kwa wiki zile mbili, ni nani aliyemlinda mwalimu yule kwa kumficha terminali? Jibu la ugonjwa lilikuwepo ndani ya mashine muda wote. Lilikuwa maandishi, na maandishi ndiyo aliyokatazwa kuyaona.

Kisa wanachopenda kunirushia

Ninapofika hapa kwenye mabishano, daima mtu hunirushia kisa cha Linus Sebastian wa Linus Tech Tips. Novemba 2021 alionyesha kwenye YouTube jinsi alivyojaribu kuhamia Linux, akachagua Pop!_OS, akataka kuweka Steam ili acheze michezo. Dukani ikashindikana. Akaenda kwenye terminali, akaandika amri ya apt, na kutokana na kasoro ya vifurushi iliyokuwepo siku hizo, mpango wa APT ukawa ni kuweka Steam kwa kuondoa mazingira yote ya picha. Akathibitisha. Mashine ikabaki na skrini ya maandishi tu. "Unaona?" wananiambia. "Duka lilikataa, terminali ikamchinja."

Haya, tulitazame vizuri. Ni kweli duka lilifanya vyema kukataa, Mgala muue na haki yake mpe. Lakini APT ilimwonyesha nini kabla? Ilimworodheshea vifurushi vyote ambavyo vingeondolewa. Ilimwonya kwamba ni vya lazima na asiendelee kama hajui anachokifanya. Haikuridhika na herufi y, ilimtaka aandike sentensi nzima, "Yes, do as I say!" Akaiandika.

Kwa hiyo taarifa haikukosekana. Kilichokosekana ni mazoea ya kuisoma. Na mtu atayapata wapi mazoea hayo ikiwa tunamlea kwenye duka ambako jibu la kila swali ni kubofya ndiyo? Tunamfundisha miaka miwili kwamba maonyo ni kelele za kupita, halafu siku duka linaposhindwa tunamtupa kwenye terminali, na akibofya ndiyo tunasema terminali ni hatari. Huyo ni mtu aliyefunzwa kuendesha gari kwa kutazama dari.

Na angalia kilichofuata. APT yenyewe ilirekebishwa mwaka huo huo, isije tena na mpango wa kuondoa vifurushi vya lazima ili kutatua mgongano. Kisha APT 3.0, iliyotoka mwaka 2025 na kuingia kwenye Debian 13 Agosti mwaka huo, ikapanga orodha kwa safu zinazosomeka na kuweka vinavyoondolewa kwa rangi nyekundu. Hivyo ndivyo unavyomsaidia mgeni: unafanya ukweli usomeke zaidi. Hukufichi ukweli.

Elimu isiyooza

Kuna hoja ya muda pia. Tangu 1999 amri ya apt-get install imekuwa ile ile. Mwaka 2014 ilikuja amri fupi ya apt yenye mwonekano bora, lakini ile ya zamani bado inafanya kazi mpaka leo. Mtu aliyeijifunza kwenye kompyuta ya Pentium anaweza kukaa mbele ya Debian 13 akaendelea na kazi.

Sasa hesabu maduka ya Ubuntu peke yake. Ubuntu Software Center ilikuja na toleo la 9.10 mwaka 2009. Mwaka 2016, kwenye 16.04, ikaondolewa ikaja GNOME Software. Mwaka 2020, kwenye 20.04, likaja duka la Snap. Mwaka 2023, kwenye 23.10, ikaja App Center. Maduka manne ndani ya miaka kumi na minne! Kila mara kitufe kimehama, na kila mara mwalimu aliyeandika mwongozo wenye picha za skrini ameutupa. Na mara mbili duka jipya lilifika likiwa halijui kazi ya msingi: lile la 2016 lilikuwa na hitilafu iliyozuia kuweka vifurushi vya deb vilivyopakuliwa kwingine, na App Center nayo ilianza bila uwezo huo. Wakati wote huo amri ya maandishi ilifanya kazi.

Tena duka la GNOME limeundwa kwa ajili ya programu zenye madirisha na ikoni, zile zenye maelezo ya AppStream. Debian 13 ina vifurushi karibu 70,000. Vitu ambavyo vijana wetu wanavihitaji ili wajifunze kazi, kama gcc, git, postgresql na nginx, vingi havimo kwenye rafu za duka la namna hiyo. Kijana anatafuta, hakuna, anadhani Linux haina. Kwa msimamizi wa maabara kuna apt-cacher-ng, programu inayofanya kompyuta moja ipakue kifurushi mara moja kisha izigawie nyingine kupitia mtandao wa ndani. Kwa shule yenye modemu moja na kompyuta kumi na nane, kifurushi kinapakuliwa mara moja badala ya mara kumi na nane. Haina ikoni. Utaijuaje kama hukuvuka ukingo wa duka?

Na siku kiendeshi cha kadi ya picha kitakapokataa na ukabaki na skrini nyeusi, duka litakuwa wapi? Utabonyeza Ctrl, Alt na F3, utaingia kwa jina na nywila, na apt itakuwa pale inakungoja. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.

Haki ya upande wa pili

Nisionekane mshabiki asiye na macho. Kuna mambo ambayo duka linanishinda.

La kwanza ni kugundua. Kama hujui jina la programu ya kuhariri video, apt search itakumwagia orodha isiyo na kichwa wala mguu, ilhali duka litakuonyesha tano zenye picha na maoni ya watu. Basi nenda dukani ukatazame! Ukishapata jina, toka, ulisakinishe mahali ambapo utaonyeshwa mpango.

La pili, ugomvi wangu si na kipanya. Synaptic, ambayo Alfredo Kojima wa Conectiva aliianza mwaka 2001, ni programu ya madirisha na vitufe, lakini kabla ya kufanya lolote hukuorodheshea kitakachowekwa, kitakachoondolewa na kiasi cha data. Hata hukuwezesha kutoa hati ya viungo ukapakulie vifurushi kwenye mashine nyingine yenye intaneti, kama vile cyber. Ina sura ya kizee, nakubali. Lakini ni mzee mkweli. Tungekuwa tumeendeleza njia ya Synaptic badala ya kuiga maduka ya simu, makala haya nisingeyaandika.

La tatu, maandishi nayo yanaweza kukudanganya. Tangu Ubuntu 22.04, Aprili 2022, ukiandika sudo apt install firefox hupati deb ya Firefox. Unapata kifurushi kitupu kinachokuletea snap. Umeomba chai umeletewa kahawa kwenye kikombe kilichoandikwa chai. Linux Mint walilikataa jambo la aina hiyo mwaka 2020 kwenye Mint 20, wakaizuia APT kuingiza snapd kimyakimya. Na snap install yenyewe haikuulizi chochote, huku snapd ikikagua masasisho mara nne kwa siku isipokuwa umeizuia kwa snap refresh --hold. Kwa hiyo kipimo changu ni kile kile kwa wote: nionyeshe mpango, niulize, niachie risiti. Anayeshindwa, ameshindwa, awe na ikoni au asiwe nayo.

La nne, kuna wanaonakili amri yoyote wanayoikuta kwenye tovuti na kuibandika bila kuisoma, hasa zile za curl zinazomwagwa moja kwa moja kwenye bash kwa sudo. Hiyo ni hatari kweli, na huko ndiko kununua mbuzi kwenye gunia kwa mikono yako mwenyewe. Dawa yake ni ile ile: kusoma kabla ya kukubali.

Ninachotaka

Kwa wanaotengeneza maduka: wekeni kitufe kimoja tu, "Onyesha mpango". Taarifa mnayo tayari, injini iliyo chini imeshaihesabu. Kuificha ni uamuzi wenu, na ni uamuzi mbaya.

Kwa wanaouza na kugawa kompyuta za Linux mashuleni: acheni kuficha terminali. Mtoto akiharibu, ataona alichoharibu, na atajifunza. Asipoona, atamngoja fundi, na fundi ana ada.

Kwa walimu na wanaofundisha wenzao: somo la kwanza liwe hizi tano, na lisizidi saa moja.

sudo apt update – leta orodha mpya kutoka ghalani
apt search neno – tafuta
apt show jina – soma habari za kifurushi, pamoja na ukubwa wake
apt install -s jina – igiza tu, uone kitakachowekwa na kitakachoondolewa, bila kugusa kitu
sudo apt install jina – sasa fanya kweli

Kisha mpe mwanafunzi zoezi hili: aweke programu moja, na kabla hajajibu swali la APT aandike kwenye daftari itapakua kiasi gani, italeta vifurushi vingapi, na itaondoa nini. Akishaweza hilo, mwache aende dukani akabofye apendavyo. Atakuwa anabofya akijua kuna mpango nyuma ya kitufe, na siku kitufe kitakapokataa atajua pa kwenda kuuliza.

Wenye kubisha karibuni. Ila mniletee duka linaloonyesha kilichomo ndani ya gunia, tubishane tukimwona mbuzi.